Kipimo cha infraredi cha kukagulia mifuko ya chakula: kipi kinafaa kununuliwa?

Mwaka jana nilinunua Kikuubo, hapa Kampala, mifuko ambayo muuzaji aliapa kuwa ina tabaka la nailoni la kuzuia hewa, nikaijaza unga wa karanga, na kabla ya miezi miwili kwisha unga ulikuwa umechacha. Ili nisidanganywe tena nilinunua kipimo cha mkononi cha infraredi ya karibu, yaani kifaa kinachomulika mwanga usioonekana kwa macho na kutambua aina ya plastiki kwa mwanga unaorudi, nacho kikanitia hasara ya pili, kwa sababu kila nilipokagua mfuko kilinitajia plastiki ya meza iliyokuwa chini yake.

Kasoro hiyo wanunuzi wengi hawaiulizii. Mfuko ni mwembamba mno, hivyo mwanga huupenya, hugonga kilicho nyuma na kurudi na habari za vyote viwili. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji apime mbele yako mfuko uleule unaoutumia, kwanza ukiwa umetandazwa juu ya kigae cheupe, kisha ukiwa umekunjwa mara tatu hadi unene wake uwe mara nane ya ule wa kwanza. Kipimo kikitaja plastiki moja hapa na nyingine pale, usikichukue. Mfuko wenye alumini upimwe pande zote mbili, kwa kuwa mwanga hauvuki chuma, na plastiki iliyotiwa kaboni nyeusi haisomeki, kwani kaboni humeza karibu mwanga wote.

Chaguo langu la kwanza ni trinamiX, cha kampuni tanzu ya BASF, kampuni kubwa ya kemikali, huko Ludwigshafen, Ujerumani, wala sifichi upendeleo wangu. Husoma mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 1450 hadi 2450, eneo ambamo polietileni, plastiki ya mifuko ya kawaida, na nailoni hutofautiana waziwazi, na kina maktaba ya plastiki iliyokwisha kutayarishwa, yaani kumbukumbu ya plastiki zinazojulikana ambayo kifaa hulinganisha nayo. Cha pili ni NeoSpectra cha kampuni ya Si-Ware ya Cairo, cha nanomita 1350 hadi 2500, ila huenda ukalazimika kujijengea maktaba ya mifuko kwa sampuli unazozijua. MicroNIR cha kampuni ya Viavi, kinachoanzia 908 na kuishia 1676, nakiweka cha tatu. Vya bei ya chini vinavyoishia karibu na 1100 havifai kwa kazi hii.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wasioandika bei, wanaokuhoji kwanza biashara yako ni kubwa kiasi gani, kisha wakakutajia dola, na leseni ya maktaba wakaileta baada ya kupokea fedha. Dai bei ya kifaa, ya leseni na ya usafirishaji kwenye karatasi moja. Hata kipimo bora hakitakuonyesha tundu la sindano kwenye mshono. Kwa hilo bado naubana mfuko ndani ya beseni la maji na kutazama mapovu.