Lenzi tatu za milimita 20 kwa taa ya baiskeli ya kujiundia

Nilinunua seti ya lenzi tatu za akriliki zenye kipenyo cha milimita 20, kila moja ikiwa na kishikio chake cha plastiki nyeusi, kwa ajili ya taa ya mbele ya baiskeli niliyoiunda mwenyewe kwa LED moja na kipande cha alumini. Kwa mujibu wa muuzaji, ya kwanza hutawanya mwanga kwa pembe ya nyuzi 10, ya pili kwa nyuzi 25, na ya tatu hutawanya mwanga kwa nyuzi 40 kwenda kando na 10 tu kwenda juu na chini. Baada ya kuzijaribu zote usiku, kwenye lami na kwenye njia ya vumbi, naona inayostahili kununuliwa ni moja tu, nayo ni hiyo ya tatu.

Uamuzi wa kutumia lenzi badala ya kikombe cha kuakisi sijaujutia. LED humwaga mwanga wake mbele kwa upana wa takribani nyuzi 120, na kikombe hukamata ule tu unaogonga kuta zake, huku mwanga mwingi wa katikati ukitoka bila kuelekezwa na kupotelea kwenye matawi ya miti au machoni pa anayekuja. Lenzi hizi huukusanya mwanga wa katikati kwa tumbo lake, na ule wa pembeni huakisiwa mbele na kuta zake, hivyo sehemu kubwa hufika barabarani.

Namba ya nyuzi iliyoandikwa isichukuliwe kuwa ahadi. Pembe hiyo hupimwa mpaka pale ambapo ukali wa mwanga umeshuka kufikia nusu ya ule wa katikati, na hutegemea LED iliyotumika kupimia: kadiri chipu, yaani kile kipande cha LED kinachotoa mwanga, inavyokuwa pana, ndivyo doa linavyotanuka. Chipu yangu ni pana, na kwenye ukuta ulioko mita 3 lenzi ya nyuzi 10 ilitoa doa la karibu sentimita 80 kwa kukadiria, badala ya 52 nilizozitarajia. Hata likiwa limetanuka hivyo, doa hilo ni finyu mno. Kwenye kona gurudumu huelekea mahali ambapo mwanga haujafika. Ile ya nyuzi 25 inafaa kwa mwendo wa polepole, ila hupeleka mwanga mwingi juu, ambako hakuna barabara.

Lililonisumbua zaidi ni namna lenzi inavyokaa juu ya LED. Usiku wa kwanza niliona ukutani pete yenye katikati hafifu na ukingo wa njano uliovutika upande mmoja, nikadhani lenzi ni mbovu. Nilipoifungua nikakuta mguu mmoja wa kishikio umekalia donge la risasi pale waya ulipochomelewa, ukiwa umeinuka kwa kiasi kisichofika milimita moja. Nilichonga pengo dogo kwa tupa, kishikio kikakaa sawa, na doa likawa duara safi. Tangu hapo huwasha taa kwa umeme mdogo kuelekea ukutani kabla ya kubandika chochote. Katika kubandika nako kuna hatari: gundi inayokauka papo hapo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye akriliki, na spiriti ya kufutia huweza kuitia nyufa ndogondogo. Gundi ya epoksi kidogo miguuni, na maji ya sabuni ya kufutia, vinatosha.

Lenzi ya tatu ina mistari usoni. Mistari ikisimama wima, mwanga hulala. Mistari ikilazwa, mwanga husimama, nusu angani na nusu kwenye gurudumu. Taa yangu iko kwenye usukani, kimo cha mita 1, na nimeiinamisha ili katikati ya doa ipige lami mita 10 mbele, sawa na kushuka sentimita 30 kwenye ukuta ulioko mita 3. Hapo kingo zote mbili za barabara huonekana, mashimo hutoa kivuli, na wanaokuja hawakingi tena macho kwa mkono. Mwanga hafifu bado hupanda, kwa kuwa lenzi hii haiukati mwanga ghafla upande wa juu kama zifanyavyo taa zilizoundwa kwa kanuni za barabarani za Ujerumani.

Kasoro ninayomlaumu mtengenezaji ni kishikio cha duara kisicho na pengo la kuizuia lenzi isizunguke. Baada ya kupita njia ya mawe, doa lilikuwa limeinama upande kama mizani iliyozidiwa, nikalazimika kuishikilia lenzi kwa tone la silikoni. Kwa bidhaa ambayo kazi yake yote inategemea mistari kusimama wima, pengo hilo lilipaswa kuwepo tangu mwanzo.