Bosch DOT 4 kwenye Yamaha YBR 125: uzoefu wangu

Natumia YBR 125, ile yenye breki ya diski mbele na ngoma nyuma. Siku nyingi iko Tanga mjini, ila mara kwa mara naipandisha Lushoto kwa wakwe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, na kazi yenyewe iko kwenye kushuka. Safari moja, nikiwa katikati ya mteremko, mkono wa breki ulianza kulegea. Kila nikiuvuta unaingia zaidi, mpaka unakaribia kugusa usukani. Nikasimama pembeni, diski ikapoa, breki ikarudi kuwa ngumu vilevile. Fundi wa kwanza niliyemweleza alisema nibadili pedi. Pedi zilikuwa nene bado.

Ukiona breki inalegea ikipata moto na kurudi ikipoa, shuku mafuta kwanza. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, unaopenya polepole hata kwenye mpira wa breki wenyewe, yaani bomba linalopeleka mafuta kwenye diski, na sisi wa pwani unyevu tunao mwaka mzima. Mafuta haya hupangwa kwa madaraja ya DOT. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Nguvu ya mkono wako inaishia kuubana mvuke badala ya kusukuma pedi.

Kwa hiyo nilikwenda kutafuta mafuta mapya, na hapo kwenye kuchagua ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. DOT 3 inaanzia nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikishalowa. DOT 5.1 inafika 260 na 180. Hizo mbili na DOT 4 ni za ukoo mmoja na zinaweza kuchanganyika. DOT 5 yenyewe, isiyo na hiyo nukta moja, ni ya silikoni, na haitakiwi kukutana na hizo nyingine kabisa. Harley-Davidson za Marekani ziliitumia kwa miaka mingi, lakini kwa pikipiki zetu za kawaida usiiguse. Mfuniko wa kikopo cha mafuta kwenye usukani wa pikipiki yangu umeandikwa DOT 4, na mimi nafuata mfuniko.

Duka la kwanza la spea, kijana alinipa kichupa kisicho na lebo. "Kaka, hii ni ileile, nimeipunguza kutoka kwenye dumu." Nilimrudishia. Dumu linalofunguliwa na kufungwa kila siku linanyonya unyevu kama mfumo wa breki unavyonyonya, ila kwa kasi kubwa zaidi. Kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye pikipiki ya diski alishike, ni hili: DOT 4 ya kawaida kutoka chupa iliyofungwa kiwandani ni bora kuliko DOT 5.1 ya bei mbaya iliyokaa wazi. Duka la pili nikapata Bosch DOT 4 ya nusu lita, kizibo hakijaguswa. Nikachukua.

Kazi niliifanya nyumbani, barazani. Kwanza nilifunika tangi kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu mafuta haya yanakula rangi. Yakidondoka, mwaga maji mengi papo hapo. Nikageuza usukani hadi kikopo kikae sawa, nikakifuta vumbi, ndipo nikafungua skrubu za mfuniko. Hizi tafadhali zifungue kwa subira. Vichwa vyake ni laini, na bisibisi isiyokaa vizuri inaviharibu mara moja. Ndani mafuta yalikuwa ya kahawia, na chini kuna tope jembamba. Niliyavuta kwa bomba la sindano, nikapangusa tope, nikajaza mapya, ambayo rangi yake ni ya njano iliyofifia.

Kisha kutoa upepo. Spana namba 8 kwenye nati ya kutolea upepo iliyoko kwenye kalipa, mrija mweupe unaoonyesha ndani, ncha ya pili kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Vuta mkono wa breki, ushikilie, legeza nati kidogo, mafuta yatoke, kaza, ndipo uachie. Usiachie kabla ya kukaza, utavuta hewa ndani. Na usikiache kikopo kikauke, maana utaanza upya. Mimi niliendelea hadi yanayotoka yakawa na rangi ileile ya yanayoingia. Bado breki ilikuwa na ulaini fulani, nikagongagonga mpira wa breki na kalipa kwa mpini wa bisibisi, nikaufunga mkono wa breki ukiwa umevutwa, nikaacha hadi asubuhi. Vipovu vilivyobaki vilipanda vyenyewe.

Matokeo? Mjini tofauti niliihisi kona ya kwanza: breki inashika mapema na mkono hauzami. Jibu hasa lilikuja Lushoto. Nilishuka na mke wangu nyuma na gunia la viazi, diski ikapata moto wa kutosha, na mkono wa breki ulibaki palepale hadi Mombo.

Lawama yangu kwa chupa hii ni ukubwa tu. Diski moja haimalizi nusu lita. Mililita 250 zinatosha na kubaki. Yaliyosalia sikuyatunza kwa mwaka ujao, nilimpa jirani akabadilishe ya kwake wikiendi hiyohiyo. Machafu niliyatia kwenye chupa yenye kizibo, mbali na watoto, kwa sababu ni sumu. Kwenye mfereji usiyamwage.

Jambo jingine kwa wenzangu: kiwango kikishuka kwenye kikopo, usikimbilie kuongeza. Pedi zikilika, mafuta hushuka yenyewe. Angalia pedi, angalia kama kuna mvujo, ndipo uongeze. Na oili ya injini isikaribie kikopo hicho hata tone, inavimbisha mipira ya ndani na breki inakufa.

Yamaha wanaelekeza mafuta yabadilishwe kila miaka 2 na mpira wa breki kila miaka 4. Wa kwangu umeanza kupasuka juu juu karibu na kalipa, kwa hiyo sasa natafuta mpya. Aliyepata halisi hapa Tanga aniambie duka gani.