Meza ya Chuma ya Kulengea Shabaha: Kazi ya Karakana Moja ya Kibuye

Mlenga shabaha mwenye leseni anayerekebisha darubini ya bunduki yake hana haja na meza inayotikisika, kwa kuwa hataweza kujua kama risasi imekwenda kando kwa kosa la darubini au la meza. Kwa sababu hiyo nilipeleka mchoro katika karakana ya jua kali karibu na soko la Kibuye, Kisumu, nikaagiza meza ya chuma. Baada ya kuitumia msimu mzima wa mvua, naona kwamba fremu yake inastahili shilingi 22,000 nilizolipa. Ubao wake haustahili.

Fundi alipendekeza bomba la mraba la milimita 50 lenye unene wa milimita 1.5, ambalo linafaa geti. Nilisisitiza milimita 3. Bomba hilo la mita 6 lina uzito wa takriban kilo 25, karibu maradufu ya lile jembamba, na uzito huo ndio unaoituliza meza bunduki inapopiga teke. Miguu ni mitatu, kwa maana mitatu yote hugusa ardhi hata palipo na mashimo, nayo imeunganishwa kwa vyuma vya mshazari ili isiyumbe. Chini ya kila mguu kumechomelewa bamba pana, jambo la lazima kwa yeyote atakayeiweka juu ya udongo mweusi wa nyanda za Kano karibu na Kisumu, ambao mvua ikinyesha humeza kila kitu chembamba.

Uchomeleaji wenyewe ulinipendeza zaidi. Fundi alishikiza viungo vyote kwa nukta ndogo, akakagua kona kwa skwea, yaani kipimo cha pembe mraba, kisha akachomelea upande huu na upande ule kwa zamu, kwa sababu joto huvuta chuma na fremu iliyochomelewa upande mmoja hadi mwisho hupinda. Alitaka pia kuunganisha kiti na meza. Nilikataa, kwani kila mpiga shabaha anapojisogeza kitini, mtikisiko ungefika hadi kwenye mtutu.

Mbao za saiprasi alizoweka juu hazikuwa zimekauka, zikajikunja hata mifuko ya mchanga ya kuegemezea bunduki ikakaa upande, nami nikazibadilisha kwa plaiwudi ya milimita 18. Rangi ya kuzuia kutu ilipakwa mara moja tu, na upande wa chini, ambako mteja hatazami, kutu imeanza. Aidha, miguu ya nyuma imekaribiana mno: anayeegemea kona iliyo nje ya pembetatu ya miguu ataiinua meza upande wa pili.

Anayetaka kuagiza kama hii ataje unene wa bomba kabla ya kutaja bei, aupime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla bomba halijakatwa, na anunue mbao kavu mwenyewe kwingineko. Miguu ifungwe kwa bolti nene, kwani ikichomelewa moja kwa moja meza haitaingia kwenye gari dogo.