Wiki nane katika kiwanda kidogo cha bia Kisumu: tathmini ya mafunzo ya vitendo

Mwanafunzi wa sayansi ya chakula anayetamani kazi katika kiwanda kidogo cha bia hukabiliwa mapema na tatizo moja: viwanda hivyo ni vichache huku kwetu, na vilivyopo hupendelea mtu ambaye tayari amewahi kushika pampu na kuosha tangi. Kwa hiyo nilipokubaliwa kufanya mafunzo ya vitendo ya wiki 8 katika kiwanda kimoja cha Kisumu, chenye matangi manne na wafanyakazi watano, nilifunga safari kutoka Njoro ninakosomea bila kusitasita. Mafunzo hayo nayapendekeza, ingawa sikupata yote niliyoahidiwa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za usafi mtupu. Tulizungusha maji ya moto yenye soda kali ndani ya matangi, tukasuuza, tukapitisha asidi ya kuua vijidudu, kisha tukarudia kazi hiyo kwa kila mpira na kila vali. Wenzangu wawili walinung'unika kwamba hawakwenda chuoni ili wawe waosha vyombo. Mimi naihesabu hiyo kuwa sehemu bora ya mafunzo yote, kwa kuwa maji matamu ya kimea, yaani ya nafaka iliyooteshwa, yakishachemshwa na kupozwa huwa karamu ya bakteria sawasawa na yalivyo karamu ya hamira, na anayetangulia kuingia ndiye anayeamua ladha. Hapo pia ndipo tulipofundishwa kutoingiza kichwa ndani ya tangi lililotoka kuchachusha, maana kaboni dayoksaidi hutulia humo na huua.

Kimea nilikifahamu tangu utotoni, kwani nyanya yangu kule Kakamega alikuwa akiotesha wimbi kwa ajili ya busaa, pombe yetu ya kienyeji. Kiwandani nilielewa alichokuwa akikifanya: vimeng'enya vya nafaka iliyoota hugeuza wanga kuwa sukari, na katika uji wa shayiri kazi hiyo hufanyika vizuri kwenye nyuzi 65 hivi kwa muda wa saa moja. Wala nafaka za kwetu si za pombe ya nyumbani pekee, kwa kuwa bia ya Senator Keg, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutengenezwa kwa mtama hapo hapo Kisumu.

Somo ambalo sitalisahau lilitolewa kwa glasi mbili. Fundi mkuu alichota bia kutoka tangi la tatu, akaiweka glasi moja ndani ya maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20, akaipoza, kisha akanipa zote mbili ninuse. Ile ambayo haikupashwa moto haikuwa na harufu ya ajabu. Nilipomwambia kwamba nyingine nayo ni nzuri, alinirudishia na kusema, "Nusa tena, dadangu, polepole." Ilinukia siagi, kama bisi zilizotoka jikoni. Joto lilikuwa limegeuza kuwa harufu ya siagi mabaki ambayo hamira ilikuwa bado haijayamaliza, na tangi lile likaongezewa siku mbili ingawa mteja alikuwa akiyasubiri mapipa yake.

Fundi huyo hakuvumilia kipimo kisichoandikwa. Alizoea kutukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu linaonyesha bia iliyoanza kwa uzito wa 1.048 ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000, ikaishia 1.012, yaani kileo cha asilimia 4.7 hivi, pamoja na joto la tangi la kila asubuhi na jioni.

Kasoro zipo. Barua ya kunikubali iliahidi wiki mbili za maabara, za kuhesabu chembe za hamira kwa hadubini, nami nilipata siku mbili tu. Hakuna posho, na nauli ya matatu kutoka mtaa wa Kondele niliilipa mwenyewe kila siku, jambo ambalo litamfungia mlango mwanafunzi asiye na jamaa mjini. Nadharia pia ni juu yako. Nilisoma usiku kwa kufuata mtaala wa cheti cha msingi cha Institute of Brewing and Distilling ya London, taasisi ya wataalamu wa bia na pombe kali ambayo sasa inaitwa Chartered Institute of Brewers and Distillers, na bila hivyo ningeosha matangi bila kujua sababu.

Anayetaka kwenda awe ametimiza miaka 18, aje na gambuti zake, na adai ratiba ya maabara kwa maandishi kabla ya kuripoti. Barua niliyopewa mwishoni haina sifa za jumla: inataja mara 11 nilizoshiriki kupika bia, matangi niliyoyasafisha peke yangu na vipimo ninavyoweza kuaminiwa navyo, nayo ndiyo ninayoiambatisha sasa katika kila ombi la kazi.