M-Pesa Aliyoiacha Bob Collymore: Tathmini ya Huduma

Bob Collymore alipofariki tarehe 1 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 61, rambirambi nyingi zilimtaja kuwa kiongozi mpole, mpenzi wa muziki wa jazi na mtetezi wa maadili katika biashara. Sina sababu ya kuyapinga hayo, lakini sisi tusiowahi kuketi naye tuna njia nyingine ya kumpima Afisa Mkuu Mtendaji huyo wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, nayo ni kufungua menyu ya M-Pesa, huduma ya kampuni hiyo ya kutuma na kulipa pesa kwa simu, na kuuliza ni kipi humo kilichoingia katika zama zake, kinafanyaje kazi, na gharama yake inamwangukia nani.

Haki ianze kwa wenyewe. M-Pesa haikubuniwa na Collymore; ilizinduliwa Machi 2007, wakati kampuni ikiongozwa na Michael Joseph, na kazi yake ya awali ilikuwa kumwezesha aliye mjini kutuma pesa kijijini. Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyehamia Uingereza angali kijana, alishika usukani Novemba 2010, miezi michache tu baada ya Zain, kampuni pinzani ya simu, kushusha bei ya kupiga simu hadi shilingi tatu kwa dakika na kuzilazimisha kampuni nyingine ziifuate. Kampuni iliyozoea kuishi kwa mazungumzo ya wateja ilihitaji chanzo kingine cha mapato, na ilikipata: katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2019, M-Pesa iliingiza karibu shilingi bilioni 75, takriban theluthi moja ya mapato yote ya huduma. Ni vyema msomaji aikumbuke takwimu hiyo anaposikia kwamba kila kilichoongezwa kwenye menyu kiliongezwa kwa ajili ya mteja.

Kilicho bora zaidi kati ya vyote, kwa maoni yangu, ni Lipa na M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2013 ili mteja alipe dukani kwa kutumia nambari ya tili, yaani nambari ya malipo ya duka hilo. Anayelipa huingiza nambari hiyo, kiasi na nambari yake ya siri, kisha ujumbe wa uthibitisho hufika kwake na kwa mwenye duka kabla mzigo haujatiwa mfukoni. Hahitaji intaneti wala simu ya bei ghali, kwa maana simu ya vitufe inatosha, na mteja hakatwi chochote juu ya bei ya bidhaa. Anayebeba ada ni muuzaji, na ada hiyo, iliyoanza kwa asilimia 1.5, ilishushwa kwa awamu hadi asilimia 0.5 Collymore angali ofisini. Punguzo hilo, kwangu, lina uzito kuliko hotuba yoyote, kwa sababu ndilo lililomfanya muuzaji mdogo, ambaye faida yake kwa pakiti ya maziwa huhesabiwa kwa shilingi chache, akubali kuibandika tili ukutani. Shida ya chenji imepungua, pesa hazilali dukani usiku, na mwenye biashara ambaye hakuwahi kuwa na daftari la mauzo sasa ana kumbukumbu anayoweza kuipeleka benki.

Kasoro zake zipo. Wapo wauzaji wanaoikwepa ada kwa kumtaka mteja atume pesa kwa nambari ya kibinafsi, na hapo gharama ya kutuma humrudia yule ambaye tili iliundwa imwondolee mzigo huo. Aidha, kwa miaka mingi kila malipo yalimwachia mwenye duka jina kamili la mteja pamoja na nambari yake ya simu, jambo lililowasumbua hasa wanawake ambao baada ya kununua mkate walianza kupokea ujumbe wasioutaka. Hatua za kuficha taarifa hizo zilikuja baada ya Collymore, na zilichelewa.

Upande wa usalama ulipata manufaa mawili ambayo hayatajwi sana. La kwanza ni Hakikisha, inayoonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka na kumpa mtumaji sekunde kadhaa za kusitisha; anayejua uchungu wa kukosea tarakimu moja hahitaji kuelezwa zaidi. La pili ni kuhamishwa kwa mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015.

Kuhusu ushindani, rekodi ni mchanganyiko. Mawakala wa M-Pesa waliruhusiwa kuhudumia mitandao mingine mwaka 2014, wakati mamlaka ya ushindani ikiwa tayari imelivalia njuga suala hilo, na kutuma pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulianza rasmi mwaka 2018. Kampuni kubwa haifungui mlango wake bila kubishiwa hodi mara kadhaa, na Collymore hakuwa tofauti na wakuu wenzake katika hilo.

Sehemu ngumu ya tathmini hii ni mikopo. M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012 kwa ushirikiano na Commercial Bank of Africa, ilimpa mtu asiye na hati miliki wala mdhamini nafasi ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Ada yake ya asilimia 7.5 kwa siku 30 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa miezi 12, ambapo inafikia asilimia 90, kiwango ambacho hakuna mkopaji wa kawaida wa benki angekikubali. Hata hivyo naitetea M-Shwari kwa kiasi fulani. Mkopaji anajua tangu mwanzo atalipa kiasi gani, anauomba mkopo kwa hiari yake, na akaunti ya akiba iliyofungwa kwa muda humsaidia yule ambaye pesa zilizo wazi hazikai mkononi mwake.

Fuliza siwezi kuitetea hivyo. Ilizinduliwa Januari 2019, miezi sita kabla ya kifo cha Collymore, na inamruhusu mteja kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Kwa anayepungukiwa nauli ya shilingi 50 saa kumi na mbili asubuhi, ni msaada wa kweli, na sitaki kuudharau. Lakini kwa viwango vya mwanzo, aliyetumia shilingi 1,000 alikatwa asilimia moja papo hapo, kisha shilingi 10 kila siku, hivi kwamba baada ya wiki moja alidaiwa shilingi 80 zaidi bila kuhesabu ushuru. Mkopo usioombwa kwa fomu wala kwa mazungumzo, bali unaojitokeza wakati mtu yuko mbele ya muuzaji na foleni iko nyuma yake, haumpi nafasi ya kufikiri. Tena pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza: mchango wa matanga, karo aliyotumiwa na shangazi, hela ya dawa, zote hupita kwenye mkato huo bila kuulizwa zimekusudiwa nini.

Inashangaza kwamba kampuni ile ile, chini ya mkuu yule yule, iliunga mkono M-Tiba, mfuko wa simu ambao pesa zake hutumika kwa matibabu pekee. Ujuzi wa kuzitenga pesa kulingana na kusudi lake ulikuwapo basi, ila Fuliza haikunufaika nao.

Oktoba 2022, chini ya Peter Ndegwa, aliyekuja kuwa Afisa Mkuu Mtendaji baada ya Collymore, ada za Fuliza zilipunguzwa na wanaotumia hadi shilingi 1,000 wakaachiwa siku tatu za kwanza bila ada ya kila siku. Ni nafuu ya kupongezwa, lakini kanuni ya deni kukatwa kabla mwenye pesa hajazigusa haikubadilishwa, na ndiyo ambayo ningependa mteja apewe uwezo wa kuikubali au kuikataa kwa kila pesa inayomfikia.