Nilivyohamisha deni la kadi ya mkopo: miezi 18 bila riba

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa matanga yenyewe. Mama alifariki Tanga usiku wa Jumapili, mimi niko Houston, Texas, shiftini kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Tiketi ya kuondoka kesho yake ilikuwa dola 2,300, nikaiweka kwenye kadi wala sikuuliza bei nyingine. Mazishi sikuyawahi, kwetu maiti hailali, lakini hitima ilinikuta. Mchele, ng'ombe, turubai, nauli za ndugu waliotoka Pangani na Mombasa: kila mtu alikuwa anamtazama dada wa Marekani, na dada wa Marekani naye alikuwa anaitazama kadi yake. Niliporudi Houston, giaboksi ya gari ikafa. Mji huu huna gari huna kazi, kwa hiyo fundi naye akalipwa kwa kadi.

Baada ya mwaka nilikuwa na madeni mawili. Kadi ya benki ilikuwa na dola 5,200 kwa riba ya asilimia 24.99 kwa mwaka. Kadi ya duka, ile niliyochukua mlangoni kwa sababu ya punguzo la siku moja, ilikuwa na dola 2,100 kwa asilimia 29.99.

Kwa muda mrefu sikujua riba hii inahesabiwaje. Nilidhani inakuja mara moja kwa mwezi, kama kodi ya nyumba. Kumbe inapigwa kila siku. Chukua 5,200, zidisha kwa 0.2499, gawanya kwa 365: dola 3.56. Nimelala, nimeamka, 3.56. Nimekwenda msikitini, 3.56. Kwa mwezi inafika 107. Na mimi nilikuwa nalipa 160, kile kima cha chini wanachokuandikia, nikijiona mlipaji mzuri. Katika hiyo 160, dola 53 tu ndizo zilizopunguza deni.

Kwenye taarifa ya kila mwezi kuna kisanduku kidogo ambacho sikuwahi kukisoma. Sheria iliyosainiwa na Rais Obama mwaka 2009 inazilazimisha benki kukuandikia utachukua muda gani kumaliza ukilipa kima cha chini tu, na ulipe kiasi gani ukitaka kumaliza kwa miaka mitatu. Changu kilisema miaka 17. Au dola 207 kwa mwezi kwa miaka mitatu. Nilikisoma saa nane usiku, wazee wote wamelala, nimeegemea toroli ya mashuka. Miaka 17! Mtoto anazaliwa na kumaliza sekondari, nami bado nailipia tiketi ya msiba.

Habari ya kuhamisha deni niliipata kwa dada mmoja tunayecheza naye upatu. Unaomba kadi mpya kwenye benki nyingine, benki hiyo inalilipa deni la kadi yako ya zamani, nawe sasa unadaiwa na benki mpya, lakini kwa kipindi fulani bila riba. Vipindi hivyo mara nyingi ni kati ya miezi 12 na 21. Wanachokata ni ada ya kuhamisha, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya deni, na hiyo inaongezwa kwenye deni siku hiyohiyo. Nilianza kwa kuwapigia wale wa kadi yangu ya zamani, maana nao walikuwa wananijaza barua za ofa kama hizo. Yule kijana wa simu akanieleza kwa upole kwamba deni la benki yao haliwezi kuhamia kwenye kadi nyingine ya benki yao. Lina mantiki ukifikiri, lakini nilikuwa nimeshasubiri dakika 40 nikisikiliza kinanda.

Kabla ya kuomba, nilitumia ile huduma ya kukupima kwanza bila kugusa alama zako za mkopo, ile namba ambayo benki huitazama kujua kama wewe ni mlipaji. Nawashauri wote mfanye hivyo, kwa sababu ombi lenyewe likishaingia linaacha doa kwenye faili lako la mikopo, hata ukikataliwa. Alama zangu zilikuwa 688, zikashuka mpaka 676 baada ya ombi. Ofa niliyopata ilikuwa miezi 18 bila riba, ada asilimia 3 ukihamisha ndani ya siku 60 za mwanzo. Ukichelewa, 5.

Hapa ndipo pa kwanza niliposhtuka. Nilitegemea wangenipa kikomo cha 8,000, nihamishe kila kitu. Wakanipa 6,000, tena ada nayo inakula humohumo. Kwa hiyo nilichoweza kuhamisha hakikufika hata 5,830. Na kikomo hukijui mpaka wakishakukubalia, kwa hiyo usipange hesabu zako juu ya kikomo ulichokiota.

Ya pili nilijitakia. Nilihamisha lile deni kubwa lote, 5,200, halafu dola 600 za kadi ya duka zikaingia kwenye nafasi iliyobaki. Kwa nini? Kwa sababu 5,200 ilikuwa inanitisha kuliko 2,100. Lakini riba haijali kipi kinakutisha. Deni la duka lilikuwa la asilimia 29.99, lingekwenda lote kwanza, ndipo nafasi iliyobaki ijazwe na lile la 24.99. Hizo dola 1,500 nilizoziacha dukani zilinigharimu zaidi kuliko kama ningeacha 1,500 kwenye kadi ya benki. Tofauti haikuwa ya kunivunja mgongo, lakini ni pesa ya bure niliyoitupa kwa woga.

Jumla kwenye kadi mpya ikawa 5,800 na ada ya 174, yaani 5,974. Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi huzamia. Ile miezi 18 haikuhesabiwa kuanzia siku deni lilipohama. Mkataba ulisema kuanzia siku akaunti ilipofunguliwa. Uhamisho ulichukua siku 15, taarifa ya kwanza ikaja baada ya hapo, na nilipohesabu tarehe kwenye kalenda ya ukutani, malipo niliyokuwa nayo mkononi yalikuwa 17.

Halafu siku hizo 15, ile 3.56 haikulala. Niliingia kwenye programu ya kadi ya zamani nikitegemea kuona sifuri, nikakuta dola 53. Nilipopiga simu wakaniambia ni riba ya siku zilizopita kabla pesa haijafika. Nimemwona mtu aliyelisahau salio dogo kama hilo, likapigwa faini ya kuchelewa, na kwa deni la dola chache akaharibu historia ya malipo ambayo ndiyo inayobeba uzito mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye alama za mkopo. Nililipa palepale. Kadi yenyewe sikuifunga, maana kikomo chake kisichotumika kinasaidia alama, ila niliikata kwa mkasi wa jikoni.

Malipo: nilichukua 5,974 nikagawanya kwa 18 (zile 17 nilikuwa sijazihesabu bado), nikapata 332, nikaiamuru benki ikate yenyewe kila tarehe 3, siku mbili baada ya mshahara. Benki haikuomba 332. Ilikuwa inaomba kitu kama 60, na hiyo 60 ndiyo mtego wote. Hakuna riba, hakuna anayekusumbua, unalipa 60 zako kwa raha, na miezi 18 ikiisha bado unadaiwa karibu 5,000 kwa riba mpya. Kwangu ingekuwa asilimia 27.24, zaidi ya ile niliyoikimbia! Kadi ya duka niliipa 100 kwa mwezi. Pengo nililiziba kwa shifti za ziada za Jumamosi, na miguu yangu inazikumbuka kuliko mimi.

Mwezi wa nne wa kulipa, tairi la nyuma lilipasuka kwenye barabara ya 610, saa ya foleni, jua la Houston la Agosti. Fundi akasema la pili nalo limekwisha. Dola 350, na kadi iliyokuwa na nafasi pochini (baada ya malipo kadhaa) ni ile mpya. Nikaitoa. Usiku nikasoma mkataba, kitu ambacho ningekifanya mchana: sifuri ilikuwa ya deni lililohamishwa tu. Manunuzi mapya yalikuwa na riba ya 27.24, na kwa sababu nilikuwa na salio, hakukuwa na zile siku za kawaida za msamaha wa riba. Riba ilianza siku ileile ya matairi. Kilichoniokoa ni ile ile sheria ya 2009, inayosema chochote unacholipa juu ya kima cha chini kiende kwanza kwenye sehemu yenye riba kubwa zaidi. Kwa hiyo katika 332 zangu, zile 272 za juu ziliyalipa matairi kwanza, na mwezi uliofuata yakaisha. Riba yake haikufika dola 11. Ningekuwa nalipa 60 tu, matairi yangebaki yanakula mpaka mwisho.

Mwezi wa tano wa kulipa ilifika zamu yangu ya upatu. Tuko wanawake kumi, kila mmoja dola 200 kwa mwezi, hakuna karatasi wala sahihi, na tangu tuanze hajatokea wa kukimbia. Nikapokea 2,000. Dola 1,240 zikaifuta kadi ya duka, 600 zikaingia kwenye kadi mpya, 160 nikamtumia mama mdogo aliyebaki na nyumba ya mama. Nitasema ukweli: bila upatu, mpango wangu ungekuwa wa karatasi tu. Ile 100 niliyokuwa naipa kadi ya duka niliiweka pembeni kwa ajili ya gari, na tangu hapo gari halijanifanya nitoe kadi pochini.

Malipo ya 17 niliyaongezea dola 90 zilizobaki. Nilikuwa jikoni, nikabonyeza, nikaona 0.00, nikaendelea kukuna nazi.

Hesabu ya mwisho ya kadi mpya: ada 174 na riba ya matairi, basi. Kama ningelipa 332 hizohizo kila mwezi bila kuhamisha, ingenichukua karibu miezi 22 na riba ya dola 1,500 hivi. Alama zangu sasa ni 741. Naipa huduma yenyewe nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa jinsi lile neno "bila riba" lilivyoandikwa kubwa kama bango la sinema na yale ya manunuzi yakaandikwa kama miguu ya sisimizi.

Msichanganye hii na zile ofa za maduka ya samani, "hakuna riba miezi 12 ukimaliza kulipa". Dada mmoja wa upatu alinunua kitanda hivyo. Alibakiza dola 40 siku ya mwisho, akatozwa riba ya mwaka mzima, kuanzia siku ya kununua, si ya hizo 40 tu. Kwenye deni la kuhamisha la sifuri ya kweli, ukibakiza 40 utatozwa riba ya hizo 40 kuanzia hapo mbele. Maneno yanafanana, kazi yake mbalimbali.

Na kama alama zako ni za chini na umekataliwa, usianze kuomba kila mahali. Angalia vyama vya kuweka na kukopa; vile vilivyosajiliwa na serikali kuu ya Marekani haviruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 18 kwenye kadi. Au tafuta washauri wa madeni wasio wa faida, wengi wako chini ya muungano wa NFCC. Wanazungumza na benki zikupunguzie riba, unalipa fungu moja kwa mwezi kwa miaka mitatu hadi mitano. Wanaokupigia simu wenyewe wakidai ada kwanza ndipo wakufutie deni, kata simu. Sheria inawakataza kuchukua ada kabla hata deni moja halijapatanishwa.

Najua wapo watakaoniambia riba ni riba, ungeikwepa tangu mwanzo. Ami yangu wa Tanga ameshaniambia, mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amekula ule wali wa hitima.

Wiki iliyopita benki imeniletea barua nyingine: hamisha deni lolote, miezi 15, ada asilimia 5. Barua nimeichana. Bahasha nimeihifadhi, ni nzuri, ngumu. Nyuma yake nimeandika zamu za upatu wa mwaka huu. Mimi nimejiweka wa nane, sina haraka.