Mashine ya kupimia gari inayosoma eabegi: uzoefu wangu na sensa ya siti ya abiria

Kile kidude kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu kwa Bluetooth ninacho siku nyingi, na kwa taa ya injini sina ugomvi nacho. Ila taa nyekundu ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) ilipowaka kwenye gari langu (la Kijerumani, limetumika Japani kabla ya kushushwa bandari ya Dar), kidude kilipima kikasema gari halina kosa lolote. Wala hakikudanganya. OBD2, yaani utaratibu wa pamoja wa kusoma makosa ya gari kwa mashine, iliyolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, ilitungwa kwa ajili ya kudhibiti moshi, kwa hiyo kinachowekwa wazi kwa kila mashine ni habari za injini. Eabegi ina kompyuta yake, na kila kiwanda kina namna yake ya kuzungumza nayo.

Ndiyo maana nikanunua mashine ya mkononi, yenye skrini na waya wake, inayofungua mifumo yote: injini, giaboksi, breki za ABS na eabegi. Bei yake ni mara kadhaa ya kile kidude. Nilipoichomeka ikaleta msimbo mmoja tu wa kosa: sensa (kihisi) ya aliyekaa siti ya abiria, waya umekatika au ukinzani (ugumu wa umeme kupita) umezidi.

Sasa hapo kwenye "au" ndipo pesa za watu zinapoteketea. Kwenye magari kama langu, chini ya kitambaa cha siti kumetandikwa karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za umeme. Mtu akikaa, ukinzani unabadilika na kompyuta inajua siti ina mtu. Karatasi hiyo hufa kwa kukunjwa: abiria anapiga goti kwenye siti ili avute mzigo wa nyuma, mara moja, mara mia. Kuibadilisha ni kuvua kitambaa chote. Lakini msimbo huo huo hutokea pia waya ulio chini ya siti ukilegea au ukichubuka hadi kukatika, na huo ni ugonjwa wa bei rahisi. Fundi wa kwanza niliyemwonyesha, hapa Tabata, hakutaka hata kuinama. "Bosi, hapo ni kutafuta siti nzima Gerezani," yaani kule Dar kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika.

Kilichonifanya niione mashine hii ina thamani ni sehemu ya kuonyesha hali ya vifaa papo hapo, si huo usomaji wa misimbo. Ukiingia kwenye eabegi unaona mstari wa siti ya abiria: tupu, ina mtu, au kosa. Mke wangu akakaa, ikaandika ina mtu. Akashuka, ikarudi tupu. Nikaweka mfuko wa sembe wa kilo kumi, ikabaki tupu. Karatasi basi ilikuwa inafanya kazi. Nikamwomba akae tena, asogeze siti nyuma taratibu huku mimi nikikodolea skrini. Siti ilipokaribia mwisho wa reli, mstari ukaruka: kosa. Akairudisha mbele kidogo, ina mtu. Nyuma tena, kosa.

Nikahamia kwa fundi wa umeme, kijana mtulivu. Alizima swichi, akatoa waya hasi wa betri, na hakushika kitu mpaka dakika kadhaa zimepita, maana kompyuta ya eabegi hubaki na akiba ya umeme hata betri ikitolewa. Waya za manjano, ambazo ndizo za eabegi zenyewe, hakuzigusa, na mita ya kupimia umeme hakuisogeza karibu nazo: umeme mdogo wa mita unaweza kulipua eabegi. Chini ya siti tukakuta waya wa sensa umetoka kwenye kishikizo chake, unapita juu ya reli, ganda limelika na shaba imeanza kukatika. Akaukata, akaunga kwa risasi, akauvika mpira na kuufunga mbali na reli. Tukafuta msimbo. Siti imesogezwa sana tangu hapo na taa haijarudi.

Kabla ya hapo nilishauziwa maneno kuhusu kile kiplagi cha kudanganyia, kinachochomekwa badala ya sensa: "Bosi, tunafunga hiki, kompyuta inaona mtu kakaa muda wote, taa inazima, maisha yanaendelea." Nilikataa. Ukigonga, eabegi ya kushoto italipukia siti tupu, na utanunua eabegi, dashibodi na pengine kioo. Kwenye magari ambayo sensa ndiyo inayozima eabegi mtoto akikaa mbele, kiplagi hicho ni hatari hasa. Na wapo wanaochomoa kabisa taa ya dashibodi. Ukienda kununua gari la mtu, fungua swichi uangalie: taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mkono umepita hapo.

Kasoro za mashine zipo. Juani skrini haionekani, waya ni mfupi, na majina ya vifaa yameandikwa Kiingereza cha kubahatisha, hata mstari wa siti niliupata kwa kujaribu. Masasisho ni ya bure kwa muda tu, kisha unalipia.

Mwenye gari lililotoka Marekani aulize jambo moja la ziada kabla ya kulipa. Kule kanuni ya usalama wa magari iitwayo FMVSS 208 iliwalazimisha watengenezaji, kwa awamu kati ya 2003 na 2006, kuweka mifumo ya kumlinda mtoto na mtu mdogo dhidi ya eabegi ya mbele. Mingi kati ya mifumo hiyo hupima uzito wa aliyekaa, na siti ikifunguliwa mara nyingi hudai kuwekwa upya kwenye sifuri. Si kila mashine inayosoma eabegi ina kazi hiyo. Yangu inayo kwa baadhi ya magari, mengine haina. Muuzaji akisema "inafanya zote", mwambie achomeke kwenye gari lako, afungue huo ukurasa, ndipo utoe hela.